Ushauri: nataka kubobea tiba ya mionzi ya uvimbe wa ubongo, nisome au niachane nayo?

Wakuu, habari zenu.

Nimemaliza intanshipu, naandaa maombi ya uzamili. Moyo uko kwenye mionzi, hasa uvimbe wa ubongo. Mzee nyumbani hataki: "Soma upasuaji, huko utazika watu tu." Mliomo kwenye fani, nipeni ukweli.

Mjomba_Mionzi:
Dogo, ondoa wazo la kutibu ubongo peke yake. Hapa Bongo daktari wa saratani anatoa mionzi na dawa vyote viwili, na pale Ocean Road, taasisi ya saratani Dar, utakutana zaidi na akina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi. Ubongo utabobea baadaye, pengine nje.

Na kazi haiko kwenye mashine, iko kwenye kompyuta. Unalaza picha ya CT juu ya MRI, unachora uvimbe kipande kwa kipande, kisha unachora visivyotakiwa kuungua: neva za macho, shina la ubongo. Mkono ukiteleza hapo, mtu anaweza kupofuka.

DaktariNyuki:
Mzee hajakosea sana. Glioblastoma, saratani kali ya ubongo, tunaipiga grei 60 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 30, wiki sita, pamoja na vidonge vya saratani, temozolomaidi. Utafiti wa 2005 ulioleta utaratibu huo: nusu ya waliopata vyote viwili waliishi kuvuka miezi 14.6; kwa mionzi pekee ilikuwa 12.1. Kama miezi miwili na nusu unaiona midogo, utateseka huku.

Ila kuna watoto wenye medulloblastoma, saratani ya ubongo ya nyuma ya kichwa, na wengi wao, wakiwahi na wakitibiwa vizuri, wanapona kabisa. Hao ndio walionibakiza.

mama_Abuu:
Mimi si daktari. Mdogo wangu alitengenezewa barakoa ya plastiki ya kubana kichwa kisitikisike. Siku ya kwanza akagoma, analia. Daktari akavuta kiti, akampa aishike, wakawa wanahesabu vitundu vyake. Walipofika mia na kitu akasema haya, nivalisheni. Kama huna subira hiyo, msikilize mzee.

Mleta uzi:
Shukrani wakuu. Mama Abuu umenigusa. Mjomba, fizikia je? Kidato cha sita niliponea kwa D.

Mjomba_Mionzi:
Hahaha! Hesabu za dozi anapiga mfizikia tiba. Ila mtihani wa fizikia ya mionzi utaukalia mwenyewe, na plani ya mionzi ya mgonjwa unasaini wewe. Fufua madaftari, dogo.