pH inashuka hadi 7.8 kila alfajiri ilhali ualkali uko sawa: nitie dawa au niache?

Mkaazi wa Nyali:
Assalam alaykum ndugu zangu. Nina tangi la maji ya bahari la lita 200 hapa Mombasa, lenye matumbawe laini, matumbawe magumu machache na samaki wadogo. Jioni, kabla taa hazijazimwa, pH (kipimo cha uasidi wa maji) huwa 8.1, lakini nikipima alfajiri naikuta 7.8. Ualkali ni dKH 8.3 (dKH ndicho kizio cha kuupimia) wala hauyumbi, kalsiamu ni miligramu 420 kwa lita, na chumvi ni gramu 35 kwa kilo ya maji. Tangi liko sebuleni, ambako madirisha hufungwa tangu magharibi kwa sababu ya mbu na kiyoyozi huachwa kikifanya kazi usiku kucha. Muuzaji mmoja wa samaki amenishauri ninunue chupa ya dawa ya kupandisha pH niitie kila asubuhi, na jamaa mwingine anasema magadi ya sokoni yanatosha. Kabla sijatia chochote, naomba mnifahamishe: je, pH hiyo ina madhara, na kama inayo, inapandishwaje bila kuvuruga ualkali?

Fundi Povu:
Wa alaykum salaam. Ahsante kwa kuweka vipimo vyote, maana wengi huandika tu kwamba pH iko chini na kutuachia sisi tubashiri.

Ualkali ni uwezo wa maji kuhimili asidi, na katika maji ya bahari uwezo huo hutokana zaidi na bikaboneti na kaboneti. pH huamuliwa na ualkali huo pamoja na hewa ukaa iliyoyeyuka majini. Mwenye dKH 8.3 na pH 7.8, basi, hana upungufu wa ualkali. Ana hewa ukaa iliyozidi, na ndiyo inayoshusha pH. Mchana mwani na vijimea vinavyoishi ndani ya matumbawe huitumia hewa hiyo, lakini taa zikizimwa kila kiumbe tangini hupumua na hakuna wa kuitumia. Ongeza hapo watu waliokaa sebuleni hadi usiku, jiko la gesi, na kiyoyozi cha ukutani ambacho huzungusha hewa ile ile ya ndani bila kuingiza ya nje.

Hakikisha kwanza. Chota glasi mbili za maji ya tangi alfajiri na uzipime. Moja ipeleke barazani, nyingine ibaki sebuleni, na zote uzipulizie hewa kwa pampu ndogo yenye jiwe la hewa kwa muda wa saa moja, kisha upime tena. Ya nje ikipanda na ya ndani ikabaki pale pale, tatizo ni hewa ya chumba. Zikipanda zote mbili, uso wa maji ya tangi hautikiswi vya kutosha, hivyo elekeza pampu juu. Isipopanda hata moja, kitilie shaka kipimo chenyewe.

Samaki hawatadhurika kwa 7.8, ila matumbawe magumu hujenga mifupa yao polepole zaidi. Dawa ya chupa, ambayo kwa kawaida ni kaboneti ya sodiamu, itapandisha pH kwa saa chache, kisha hewa ya chumba itairudisha chini huku ualkali ulioongezwa ukibaki. Ukirudia kila siku utafika dKH 12, chokaa nyeupe itaanza kuganda kwenye hita na pampu, na kalsiamu itashuka.

Mwanamaji wa Maskati:
Huku kwetu madirisha hufungwa majira yote ya joto, na mimi nilichofanya ni kuutoa nje mrija wa kuvutia hewa wa skima, yaani kile chombo kinachotoa uchafu majini kwa povu la hewa. Mwisho wake ufunike kwa wavu, na usiuelekeze panapoegeshwa magari wala panapopulizwa dawa ya mbu.

Bi Marijani, Dar es Salaam:
Magadi usitie kabisa. Yale ya asili, kama ya Ziwa Magadi, ni kaboneti na bikaboneti za sodiamu zilizochanganyika na udongo na floridi, na maji ya tangi hayana pa kuupeleka uchafu huo. Siku ualkali utakapopungua kweli, tumia bikaboneti safi ya soda ya kupikia: gramu 6 zitapandisha tangi lako kwa dKH 1, na usizidishe kiasi hicho kwa siku moja. Bikaboneti hushusha pH kidogo mwanzoni. Ukiioka kwenye oveni kwa saa moja kwa nyuzi 200 hugeuka kaboneti, ambayo huipandisha. Hapo gramu 3.8 hufanya kazi ya zile 6. Usinunue beking poda kwa kudhani ni kitu kimoja, kwani ina asidi na wanga ndani yake.

Mkaazi wa Nyali:
Shukrani nyingi. Glasi ya barazani imefika 8.1, ya sebuleni imebaki karibu 7.8. Nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe kupitisha mrija. Je, maji ya chokaa yanafaa?

Fundi Povu:
Yanafaa, kwa kuwa hidroksidi ya kalsiamu huifunga hewa ukaa na kuongeza kalsiamu na ualkali kwa uwiano ambao matumbawe huvitumia. Chokaa ya ujenzi iache. Tafuta ile safi ya chakula. Koroga gramu 1.5 katika lita moja ya maji yaliyochujwa chumvi zote, funika, acha itue, kisha tumia maji maangavu ya juu peke yake. pH yake inazidi 12, kwa hiyo yadondoshe usiku tone kwa tone kwa mrija wa dripu, penye mkondo mkali, kufidia maji yanayokauka tangini.

Lita moja huongeza takriban dKH 0.57 tangini mwako, nawe matumbawe magumu unayo machache, hivyo anza na nusu lita kwa usiku. Pima ualkali kila baada ya siku mbili, na ukikaribia dKH 10 punguza. Dirisha la upande wa pili wa tangi nalo lifunge wavu wa mbu, ulale ukiwa umeliacha wazi kidogo.