Tupeane uzoefu: shule zenu hushirikiana katika jambo gani, na kipi kimedumu?

Walimu wenzangu, ninafundisha Kiswahili katika shule ya upili ya kutwa karibu na Ahero, Kenya. Shule nne za eneo letu zilianza kwa kutunga mtihani wa pamoja wa Kidato cha Nne, ila faida kubwa tuliipata mezani wakati wa kusahihisha. Tulitoa nakala za insha moja, kila mtu akaisahihisha peke yake. Mmoja alituza alama 9 na mwingine 14 kwa 20, yaani insha ile ile ilikuwa kiwango cha C kwa huyu na B kwa yule. Ilibainika kwamba mmoja aliadhibu kila kosa la hijai (tahajia), hata lililorudiwa, ilhali mwenzake alizingatia zaidi maudhui na ukwasi wa msamiati. Tulibishana alasiri nzima, na tangu hapo hatugawani karatasi kabla ya kukubaliana kuhusu insha kadhaa za mfano. Naomba mtueleze ya kwenu, hasa yaliyodumu baada ya mkutano wa kwanza, maana mkutano wa kwanza hufana daima kwa sababu ya chai.

Mwanachama, Mumias: Tangu Gredi ya 7, mwaka wa kwanza wa sekondari msingi, ianze Januari 2023 katika shule za msingi, sisi wa Sayansi Jumuishi hatuna maabara. Shule ya upili jirani hutuachia yake Ijumaa alasiri, nasi huleta karatasi za litmasi na kuosha neli na bika kabla ya kuondoka. Chombo kikivunjika, shule iliyokivunja hulipa. Sharti hilo limeandikwa katika daftari la maabara, na naamini ndilo lililotuepusha na ugomvi.

Mwanachama, Molo: Kikundi chetu kilivunjika pale matokeo ya mtihani wa pamoja yalipopangwa kwa orodha, shule ya kwanza hadi ya mkia, na orodha hiyo ikawafikia wazazi. Wale wa hisabati na sayansi watakumbuka SMASSE, mradi wa mafunzo ya walimu wa masomo hayo ulioanza mwaka 1998 kwa msaada wa Japani: kilichonifaa pale ni kuandaa somo na walimu wa shule nyingine, kisha kumtazama mmoja wetu akilifundisha. Hakuna aliyeorodheshwa.

Mwanzisha mada: Ndugu wa Molo, kwetu alama hubaki kwa mwalimu wa somo, walimu wakuu hupewa tu maswali yaliyowashinda wanafunzi wengi.