Picha ya mtaalamu wa ndege akiwa kazini: vielelezo vinaonekana kama ndege waliolala

Turubai60: Wakuu, nachora kwa rangi za mafuta. Mtaalamu wa ndege anapima bawa lililokunjuliwa kwa kalipa (kipimo chenye taya mbili), mkono wa kushoto umemshika miguuni ndege aliyekaushwa. Mezani kuna ngozi 6 za ndege zilizojazwa pamba na kukaushwa. Zinaonekana kama ndege waliolala, na yule ndege mdogo wa kijani aitwaye chozi ametoka kama plastiki. Nirekebishe wapi?

Pamba_na_Uzi: Macho kwanza. Ngozi ya utafiti, yaani hiyo ya kulazwa mezani, haina jicho la kioo, hilo ni la ndege aliyesimamishwa kwa maonyesho. Tundu hujazwa pamba, basi weka doa jeupe lililofifia, bila nukta ya mwanga. Mlaze chali, mabawa yabane ubavuni, mdomo uelekee mbele, miguu ipishane na kufungwa uzi wenye lebo. Lebo usiiruke hata kama maandishi ni michirizi tu, maana bila mahali na tarehe ya kukusanywa kielelezo hakimsaidii sana mtafiti. Tena usinakili rangi ya mdomo na miguu kutoka picha ya ndege hai. Sehemu hizo hufifia zikikauka.

Brashi Kavu: Kuhusu chozi: kijani kile hakitokani na rangi ya kijani, ni mwanga unaorudishwa na tabaka nyembamba mno ndani ya unyoya. Ukipaka kijani mwili mzima umeshaua mng'ao. Paka giza kwanza, ultramarini (buluu iliyokolea) na amba iliyochomwa (kahawia iliyokolea), likaribie weusi, uache likauke. Kisha kijani safi pale tu panapoelekea dirisha, kingo ziwe kali, katikati nukta ya njano iliyochanganywa na nyeupe. Robo ya mwili yatosha. Tabaka la juu liwe na mafuta zaidi ya la chini, la sivyo litapasuka. Kama mezani kuna ndege aitwaye shorobo, wekundu wa mabawa yake ni rangi halisi yenye shaba, huo upake bapa tu, bila mng'ao.

Turubai60: Asante. Na mikono?

Pamba_na_Uzi: Hapo ndipo mjuzi atakapokukamata. Ngozi kavu haishikwi miguuni wala mkiani, hukatika. Kiganja kiwe chini ya mgongo. Bawa nalo halikunjuliwi, litavunjika. Hupimwa likiwa limekunjwa, toka kifundo cha bawa hadi ncha ya unyoya mrefu kuliko yote, kwa rula yenye kizuizi mwanzoni. Kalipa ibaki mezani au ipime mdomo wa ndege.