Matandazo bustanini: unene wa sentimita ngapi, na ndoo ngapi kwa tuta moja?

MatutaMatatu
Wakuu, naomba msaada wa vipimo. Nina matuta matatu, kila moja upana mita 1.2 na urefu mita 6. La kwanza lina nyanya za kimo cha sentimita 20 hivi, la pili pilipili hoho zilizotoka kitaluni wiki hii, la tatu nimesia karoti na ndiyo kwanza zinachomoza. Pembeni kuna mlimau mmoja ambao matawi yake yametanda kama mita 3 toka upande huu hadi ule.

Vya kutandazia nilivyonavyo ni nyasi kavu, majani makavu yaliyopukutika, maranda na vumbi la mbao la fundi seremala, pamoja na nyasi mbichi kila zinapofyekwa. Huku naambiwa sentimita 5, kule 10, mwingine anasema weka mpaka udongo usionekane. Nishike lipi? Na nikusanye ndoo ngapi kabla sijaanza, maana kuishiwa katikati ya kazi kunaudhi. Halafu hili la vumbi la mbao kuua mboga, ni kweli au maneno tu?

Mpaliliaji
Mkuu, wote wamekwambia kweli, ila kila mmoja alikuwa na kitu tofauti mkononi. Ukubwa wa vipande ndio unaoamua unene. Vipande vikubwa vina nafasi katikati, hewa na maji hupita, hivyo tabaka linaweza kuwa nene bila kudhuru. Vitu laini hushikana na kuziba.

Kwa maranda na vipande vya mbao, sentimita 7 hadi 10. Nyasi kavu, tandaza sentimita 15 zikiwa bado zimetutumka. Baada ya mvua moja au mbili zitalala na kubaki 7 au 8, na hicho ndicho kipimo unachokitaka. Majani makavu yaliyokatwakatwa, 5 hadi 7. Usiyatandaze mazima kama ni mapana: yakilowa hulaliana kama vigae vya paa, maji yanateleza pembeni na udongo chini unabaki mkavu wakati wewe unaamini umemwagilia. Vumbi la mbao na mboji iliyochekechwa visizidi sentimita 2 hadi 3.

Chini ya sentimita 5 za vitu vya kukwaruza kama nyasi kavu, mwanga unapenya na magugu yataota kama hukufanya chochote. Kwa hiyo "mpaka udongo usionekane" hakitoshi kuwa kipimo. Chomeka kijiti chenye alama hadi kiguse udongo, usome.

Hesabu ya ndoo ni nyepesi: mita za mraba × sentimita za unene × 10 = lita. Tuta lako ni 1.2 × 6, yaani mita za mraba 7.2. Kwa sentimita 7 za maranda: 7.2 × 7 × 10 = lita 504, sawa na ndoo 25 za lita 20. Kwa nyasi kavu hesabu kwa unene wa siku ya kutandaza: 7.2 × 15 × 10 = lita 1,080, ndoo 54. Usizishindilie ndani ya ndoo, la sivyo hesabu inapotea. Toroli nalo lipime kwa ndoo mara moja tu, ujue linabeba ngapi, kisha uhesabu kwa toroli.

Shina_Kavu
Nakubaliana na vipimo hivyo isipokuwa hizo 10 kwenye mboga. Mboga za msimu mmoja zina mizizi ya juujuu, na mvua ya rasharasha ya milimita 5 ni lita 5 tu kwa mita ya mraba. Tabaka nene kavu linaweza kuinywa yote lisiache hata tone la kufika kwenye udongo. Kwenye matuta komea 7, hizo 10 peleka kwenye mlimau na kwenye njia za kupitia.

Kabla ya kutandaza, palilia na umwagilie mpaka unyevu ufike sentimita 15 chini. Matandazo hutunza hali yanayoikuta. Ukiyaweka juu ya udongo mkavu, unaufungia ukavu ndani. Kama una mipira ya matone, ilaze kwanza, fungulia maji uone kila tundu linatoa, ndipo ufunike.

Nyanya za sentimita 20 ziko tayari leo. Acha duara tupu la sentimita 5 hadi 8 kuzunguka kila shina. Faida kubwa kwenye nyanya, zaidi ya unyevu, ni kwamba matone ya mvua hayarushi tope kwenye majani ya chini, na vimelea vingi vya baka jani hupandia hapo. Hoho zisubiri siku 7 hadi 10 zishike, kwa sababu mche mlaini uliozungukwa na unyevunyevu hukatwa na koa au huoza shingoni. Karoti ziache wazi kabisa kwa sasa, palilia kwa mkono. Zikifika sentimita 8 hadi 10 pitisha sentimita 2 za vitu laini katikati ya mistari. Baadaye mabega yakianza kuchungulia, yafunike, maana yakipigwa na jua hugeuka kijani na kuwa machungu.

Mlimau: nusu kipenyo ni mita 1.5, eneo lote ni kama mita za mraba 7.1. Toa duara tupu la sentimita 30 kuzunguka shina, linabaki 6.8. Kwa sentimita 8 ni lita 544, ndoo 27. Hizo sentimita 30 usizipuuze. Jamii ya michungwa inashambuliwa na Phytophthora, kimelea cha kuozesha mizizi na shina, na gome linaloshinda limelowa ndilo mlango wake. Ule mtindo wa kurundika matandazo kwenye shina mpaka yawe kichuguu unapendeza machoni, lakini gome chini yake linaoza na panya wanapata maficho ya kulitafunia. Tandaza bapa kama mkeka, kipenyo kifike mwisho wa matawi kama vya kutandazia vinatosha.

MbojiKwanza
Nijibu la vumbi la mbao. Haliui, linakopesha, na mkopo wenyewe mboga ndiyo inaulipa. Vumbi la mbao lina kaboni mamia ya mara kuliko naitrojeni. Mabua ya nafaka ni kama 80 kwa 1, nyasi mbichi ni chini ya 20 kwa 1. Vijidudu vinavyolimeng'enya huvuta naitrojeni kutoka kwenye udongo, majani ya chini ya mboga yanageuka manjano na mmea unadumaa. Ila hilo hutokea pale vumbi linapogusana na udongo. Likikaa juu tu, athari ni ya sentimita chache za juu. Likichanganywa na jembe, tuta zima linaathirika kwa miezi. Kosa kubwa basi ni kulichimbia, siyo kulitandaza.

Ukitaka kulitumia kwenye nyanya, weka kwanza samadi iliyooza vizuri sentimita 2, ndipo maranda juu. Vumbi tupu mimi ningelipeleka kwenye njia. Likilowa na kukauka hufanya ukoko ambao maji hayapenyi, na itabidi uuvunje kwa reki kila mara. Muulize fundi pia kama mbao zilipigwa dawa au rangi. Zilizotibiwa zisikanyage bustani ya mboga.

Nyasi mbichi ni mali, lakini kwa adabu. Tabaka la sentimita 2, lianikwe likauke siku mbili tatu, ndipo ongeza jingine. Ukimwaga sentimita 8 kwa mpigo zinafukuta, zinageuka utelezi na kunuka. Harufu ndiyo kipimo chako: rundo lolote, hata la maranda, likitoa harufu ya siki au mayai viza limekosa hewa, na ukilitandaza hivyo majani ya mboga huungua kingo ndani ya siku moja au mbili. Litawanye, ligeuze, acha hewa ipite mpaka linukie udongo.

MatutaMatatu
Nimewaelewa wakuu. Mawili yamebaki. Tuta la hoho lina ndago, je, maboksi chini ya matandazo yatazizuia? Na nyasi kavu zinatoka kwenye malisho ya jirani ambayo hupigwa dawa ya magugu. Kuna shida?

Mpaliliaji
Ndago hapana. Ncha yake hutoboa hata karatasi ya nailoni, sembuse boksi. Chimbua na viazi vyake kabla hujatandaza, kisha kila inayochomoza ing'oe ikiwa bado changa, kabla haijatengeneza viazi vipya. Boksi linafaa kwa magugu ya kawaida: toa gundi na pini, tumia tabaka moja, yapishane sentimita 15 hadi 20, yaloweshe kabla ya kufunika. Chini ya mlimau usiweke, yanapunguza hewa kwenye mizizi.

Hizo nyasi zisimame kwanza. Baadhi ya dawa za malisho, kama aminopiralidi na klopiralidi, huua majani mapana na kuacha nyasi, na hazipotei nyasi zikikauka. Hata samadi ya mnyama aliyezila hubeba dawa. Nyanya na maharage ndiyo huumia mapema zaidi.

Pima hivi: chukua vyungu sita, vyote na udongo mmoja usio na shaka. Vitatu changanya na konzi mbili za nyasi hizo zilizokatwakatwa, vitatu uviache vilivyo. Panda maharage manne kila chungu, sahani iwe chini ya kila kimoja ili maji yasihamie kwa jirani yake. Subiri wiki tatu, mpaka maharage yatoe majani matatu matatu. Majani mapya yakijikunja kama kikombe na shina kujipinda kwenye vile vyenye nyasi tu, hizo nyasi hazifai kwenye matuta wala kwenye lundo la mboji. Vyote sita vikifanana, tandaza. Hoho zako zitakuwa zimeshika zamani.