Mlipa kodi wa Nebraska anahusikaje na treni ya California? Mimi nasema anahusika

Wakuu, heshima mbele. Naileta hoja hii hapa kwa sababu juzi ilitushinda kuimaliza. Tulikuwa Sacramento kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani, watu wanakula pilau, ndipo mzee wetu mmoja aliyekuja kutoka Omaha, Nebraska, kumwona mjukuu wake, akauliza swali lililowatoa hadi akina mama jikoni: "Mimi nimekatwa kodi kwenye kiwanda cha nyama miaka 22. Treni ya Fresno inanihusu nini?" Wengi walimpigia makofi. Mimi sikupiga. Lakini mzee ni mtu wa heshima na swali lake ni la haki, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu, na wenye hoja tofauti waje nazo.

Kwa ambao hawajafuatilia: Novemba 2008 wapiga kura wa California waliidhinisha hati fungani za karibu dola bilioni 10 kwa ajili ya treni ya mwendokasi kati ya San Francisco na Los Angeles. Waliahidiwa safari ya saa 2 na dakika 40, gharama ya takriban dola bilioni 33, na treni kuanza kazi mwaka 2020. Leo kinachojengwa ni kipande cha Bonde la Kati la California tu, kutoka mji wa Merced, kupitia Fresno, hadi Bakersfield, maili 171. Makadirio ya njia nzima yaliyotolewa mwaka 2024 yalikuwa kati ya dola bilioni 89 na 128. Washington nayo imekuwa ikitoa na kunyang'anya: fungu la kwanza lilikuja enzi za Obama, Trump akafuta dola milioni 929 mwaka 2019, Biden akazirudisha 2021 na mwishoni mwa 2023 akaongeza bilioni 3 na ushee, kisha Julai 2025 Trump akafuta tena, safari hii takriban bilioni 4. Hata hivyo, zaidi ya robo tatu ya fedha zilizokwisha kutumika ni za California yenyewe. Hilo watu wengi pale kwenye kipaimara hawakulijua.

Sasa nikurudie, mzee wangu. Ulikuja na mwanao kwa gari, kwa barabara ya I-80. Barabara hiyo inatoka kwenu Omaha, inaikata Nebraska yote, Wyoming, Utah na Nevada, inakushusha Sacramento. Sheria aliyoitia saini Rais Eisenhower mwaka 1956 iliamua kwamba serikali kuu italipa asilimia 90 ya gharama za mtandao ule wa barabara, na jimbo litoe 10 tu. Nebraska ina eneo kubwa na watu wachache, peke yake isingeweza. Mchuma zabibu wa Fresno alilipa kodi ya petroli ili nyinyi mpate maili zaidi ya 450 za barabara pana, na mlizikamilisha mwaka 1974, mbele ya majimbo mengi. Hakuna aliyemuuliza yule mchuma zabibu kama Omaha inamhusu.

Na kabla ya barabara palikuwa na reli. Sheria ya mwaka 1862 iliyapa makampuni mawili mikopo ya serikali na ardhi kubwa ajabu: moja lianzie Omaha, jingine lianzie Sacramento, wakutane njiani. Walikutana Utah, Mei 1869. Yaani miji miwili ya ugomvi wetu iliunganishwa na hazina ya taifa zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Kijana mmoja, dereva mwenzangu wa lori, alinikatiza hapo: "Kaka, barabara zinajilipia zenyewe, sisi tunalipa kwenye mafuta." Ilikuwa hivyo zamani. Kodi ya serikali kuu kwenye petroli ni senti 18.4 kwa galoni, na haijapandishwa tangu 1993. Magari yanakula mafuta kidogo kuliko zamani, lami na zege vimepanda bei, na tangu 2008 Bunge limelazimika kuhamisha zaidi ya dola bilioni 250 kutoka hazina kuu kuujaza mfuko wa barabara. Kwa hiyo bibi asiyemiliki hata baiskeli analipia barabara ninayopita na lori langu. Silalamiki, mzigo lazima ufike. Lakini tusiseme barabara zinajilipia na reli peke yake ndiyo ombaomba.

Hoja nzito ni ya gharama, na hapa sitazunguka. Bilioni 33 kuwa zaidi ya 100 ni jambo la kumkasirisha mtu yeyote anayekatwa kodi, hata ukiondoa mfumuko wa bei. Ninakasirika kwa sababu napita pale kila wiki. Ukishuka na barabara ya 99 kusini mwa Fresno unaliona daraja refu la zege, karibu futi 3,700, limeinuka na matao yake likaivuka barabara. Ni zuri kweli. Lakini kwa muda mrefu nimepita chini yake bila kuona hata pau moja ya reli juu. Kwingine bondeni niliona nguzo zimesimama peke yake mashambani, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, kando yake miti ya lozi inachanua kila Februari kama kwamba hakuna mradi.

Kwa nini ikawa vile? Fedha za kwanza za Washington zilitokana na sheria ya mwaka 2009 ya kuamsha uchumi, na zilikuja na sharti: ziwe zimetumika zote kufikia Septemba 30, 2017. California ikaona ikichelewa itazipoteza. Mkataba wa kwanza wa ujenzi ukasainiwa 2013 wakati ardhi kubwa bado mikononi mwa wenyewe. Kwa zile maili 119 za mwanzo zilihitajika mashamba na viwanja zaidi ya 2,000, kila kimoja na mwenyewe, na wakili wake, na bei yake. Mabomba ya maji, nyaya za umeme na mifereji ya umwagiliaji vilikuwa havijahamishwa. Mkandarasi anafika na mitambo, anakuta hapa pamelipwa fidia, pale hapajalipwa, anaruka, anarudi, anasubiri, na kusubiri kwake kunalipiwa. Mkaguzi wa jimbo aliliandika hilo wazi Novemba 2018: kuanza kujenga kabla ya ardhi na makubaliano kuwa tayari kumeongeza gharama kwa mabilioni.

Yeyote aliyewahi kujenga nyumbani kwa fedha anazotuma kutoka huku anaujua mchezo huu. Ukimwambia fundi "maliza hela hii kabla ya Krismasi, nyingine sijui kama itakuja," atanunua mabati kabla ya kuta. Lawama ni ya fundi, ndiyo, na California ibebe ya kwake: njia ilipindishwa ipite miji mingi, kesi za mazingira hazikuisha, na wataalamu wa ndani walikuwa wachache mno wa kuwasimamia washauri wa kulipwa. Lakini aliyetoa hela kwa mtindo ule naye ana sehemu yake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Walipa kodi wa Marekani yote wachangie reli za mikoa, lakini kwa utaratibu wa barabara za Eisenhower: fungu linalojulikana kila mwaka, miaka 15 au 20 mbele, lisilofutwa na kila rais anayeingia. Na senti ya ujenzi isitoke mpaka ardhi iwe imenunuliwa na mabomba yamehamishwa. Fedha za kununua ardhi na kuchora zitangulie, hizo ni ndogo. Jimbo lisiloweza kufikia hapo lisubiri foleni. California yenyewe imeshaonyesha nia: Septemba 2025 bunge lake liliutengea mradi dola bilioni moja kila mwaka hadi 2045. Mtu anayeweka chake mezani namna hiyo ana haki ya kuomba mwenzake aongeze.

Kuna waliosema treni yenyewe haihitajiki, ndege zipo. Mama mkwe wangu anakaa Fresno na kliniki yake ya macho iko Los Angeles. Hapandi ndege, na macho hayamruhusu kuendesha. Anapanda treni iliyopo sasa, na treni hiyo inaishia Bakersfield. Haijaharibika; ndio mwisho wake, kwa sababu hakuna treni ya abiria inayovuka milima ile kwenda Los Angeles. Anashuka na begi lake na chupa yake ya chai, anatafuta basi kwa kuuliza watu, na barafu ikifunga mlima basi linachelewa. Huyu ni mtu wa miaka 71, katika jimbo tajiri kuliko nchi nyingi duniani. Na nikiri: kipande kinachojengwa sasa hakimwondolei lile basi. Mahandaki ya milimani ndiyo ghali kuliko yote, na hapo ndipo jimbo peke yake litakwama. Moroko walianza kujenga reli ya mwendokasi ya kwao 2011, na Novemba 2018 treni ikaanza kubeba abiria kwa kilomita 320 kwa saa.

Mzee wetu wa Omaha, wewe mwenyewe ulituonyesha picha ulizopiga kwenye SGR, Dar hadi Dodoma, ukasema umelala usingizi njia nzima. Mkulima wa korosho wa Mtwara ameilipia safari ile, na reli haipiti kwao. Ulipokuwa unasifia hukumuuliza inamhusu nini.

Mwisho, nataka kuwasikia walioko Ohio, Wisconsin na Florida. Mwaka 2010 na 2011 magavana wenu walizikataa fedha hizi za reli kutoka Washington: Ohio takriban dola milioni 400, Wisconsin milioni 810, Florida bilioni 2.4. Hazikurudi mifukoni mwenu. Ziligawiwa majimbo mengine, na sehemu yake ilikuja huku kwetu. Nyinyi mnaosafiri kati ya Tampa na Orlando, au Cleveland na Cincinnati, mnasafirije leo?