Sabuni ya mafuta ya injini na maji ya mikokoni: nishike namba ipi?

Mwana wa Langoni: Salaam. Karakana ya boti hapa Lamu, maji ya kuoshea injini yanaishia mikokoni. Karatasi ya usalama ya sabuni ya kuondolea mafuta ya injini inasema: samaki LC50 (kiasi kinachoua nusu yao) ya saa 96 ni miligramu 8 kwa lita, dafnia (kidudu kidogo cha majini) EC50 (kiasi kinacholemaza nusu yao) ya saa 48, miligramu 3, mwani mdogo ErC50 (kiasi kinachopunguza kasi yake ya kukua kwa nusu) ya saa 72, miligramu 0.9. Wenzangu wanasema samaki hafi, basi hakuna neno.

Kikingo: Shika ya mwani. Iliyo ndogo kuliko zote ndiyo hukumu, na chini ya 1 ni daraja la kwanza la sumu kali ya majini. Una vipimo vitatu vya muda mfupi tu, kwa hiyo, kwa tahadhari, bahari unaigawanya namba hiyo kwa 10,000 (mto ni 1,000): kikomo chako ni mikrogramu 0.09 kwa lita. Sasa piga hesabu. Gramu 10 za sabuni kwenye dimbwi la lita 100,000 ni mikrogramu 100 kwa lita. Umekipita mara elfu na zaidi!

Mvuvi Msomi: Na usipigie hesabu maji ya bamvua, sheikh. Pima dimbwi maji yakipwa, tena siku za maji mafu, yanapobadilika kidogo. Kisha angalia kama sabuni inaoza upesi: angalau asilimia 60 kwa siku 28, kwa kipimo cha oksijeni. Dawa yenye kuruka hewani ikijaribiwa chombo wazi, na wasipopima kilichobaki majini, LC50 hutoka kubwa kuliko haki yake, yaani sumu huonekana ndogo.

Mwana wa Langoni: Ahsanteni. Kwanza naziba mfereji, maji yaende pipani.