Tupeane uzoefu: simu za sauti kubwa kwenye gari, wodini na kwenye foleni

Habari zenu wakuu. Juzi kwenye mwendokasi ya Kimara–Kivukoni, dada mmoja kaweka simu spika anaongea na mdogo wake. Kutoka Ubungo hadi Magomeni gari zima tukajua binti ana ujauzito, aliyempa kamkana, na baba yao hajaambiwa. Kelele nilizivumilia. Kilichoniuma ni yule binti, analia akidhani anasikika na dada yake tu. Nyie mmekutana na yapi, na mlifanyaje?

Wakala wa Stendi: Mteja anampigia mumewe mbele ya foleni amtajie namba ya siri. Spika iko wazi, mume akataja tarakimu zote nne. Nikamwambia, mama, usiondoke hapa kabla hujaibadilisha. Alinuna, ila aliibadilisha.

Muuguzi wa Zamu: Mie nipo wodini. Ndugu wanakuja saa ya kuona wagonjwa, mmoja anasimama pembeni ya kitanda anapiga simu nyumbani: "Daktari kasema hapa tumwachie Mungu, anzeni kuwaambia watu." Mgonjwa kafumba macho, basi wanadhani kalala. Nilimwona chozi linateremka kuelekea sikioni. Hajaambiwa na daktari, hajaambiwa na mkewe, kaambiwa na simu isiyo yake. Tangu hapo nikiona mtu anatoa simu karibu na kitanda namshika bega, namtoa nje chini ya mwembe. Na mtandao unashika vizuri zaidi huko.

Mwana wa Fundi: Poleni. Ila tusiwahukumu wote jamani. Mzee wangu kafanya kazi kwenye mashine ya kusaga miaka mingi, masikio yamechoka, bila spika hasikii kitu. Halafu kupaza sauti kwenye kelele ni maumbile. Daktari wa Ufaransa, Étienne Lombard, alilieleza hilo mwaka 1911: mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti bila kujijua. Sasa weka injini ya daladala na konda anayeita abiria. Mzee tumemzoesha kumjulisha anayempigia kwamba yuko na watu. Anayetaka kusema la siri anangoja.

Bint Mbagala: Hilo la kumjulisha ndilo lenyewe. Njia yetu kuna konda mmoja ana adabu sana. Mama alikuwa anasimulia deni la shemeji yake, konda akamwinamia: "Mama yangu, shikamoo. Huyo unayeongea naye anajua tupo?" Mama akazima spika palepale, akamwambia atampigia akishuka.

Mwanzisha mada: Swali la huyo konda nalichukua kama lilivyo. Muuguzi, Mungu akutie nguvu. Wa mabasi ya mikoani bado hamjasema, karibuni.